Wadogo wa Mvuka Milima

Habari za Mvuka Milima mmeshazisikia. Kama hamjazisikia mtazisikia tu, maana mji huu hauna soga nyingine: jinsi alivyovuka bonde zima kwa hatua moja, jinsi alivyolizima zimwi la moto kwa ndoo mbili za maji ya chumvi, jinsi alivyolala usingizi fofofo ndani ya kinywa cha joka akidhani ni pango. Kila msimulizi anatia chumvi yake na kila msikilizaji anaomba iongezwe. Na pale mwanzoni, kabla mambo hayajapamba moto, huwa kuna sentensi moja: ndugu zake wawili wakamshonea viatu. Basi. Msimulizi akishaitamka anavuta pumzi na kulikimbilia joka. Mimi joka limenichosha. Naomba leo tubaki hapo kwenye viatu.

Ndugu hao ni mapacha, mwanamke na mwanamume, na mtaani hakuna anayekumbuka walipewa majina gani. Wanaitwa Kushoto na Kulia. Walipokuwa watoto walikuwa wakigombea kazi benchini mpaka baba yao akachoka kuwaamua, akawagawia miguu: huyu wa kike ashone kiatu cha kushoto, huyu wa kiume ashone cha kulia, na atakayelalamika ataosha masufuria. Baba alikufa, amri ikabaki. Kushoto hajawahi kushona kiatu cha kulia hata kimoja, na ukimwomba atakutazama utadhani umemwambia avae suruali ya jirani.

Kazi yao ina jambo lake, na ni vizuri lijulikane mapema. Kiatu kinachotoka mikononi mwao hubeba moyo wa aliyekishona. Ukishona umenuna, kiatu nacho kinanuna, kinambana mwenyewe vidole mpaka machozi yamtoke. Ukishona una njaa, mvaaji atajikuta kila mara amesimama mlangoni pa mwuza mikate. Na mapacha wakigombana, ole wake mteja. Kuna mwaka walitupiana maneno juu ya dirisha, mmoja akitaka lifunguliwe na mwenzake akitaka lifungwe, wakamshonea mwalimu wa shule ya jirani viatu ambavyo cha kulia kilishika njia ya shuleni na cha kushoto kikakata kona kwenda sokoni. Mwalimu wa watu alikutwa katikati ya barabara amepanua miguu, mkoba kifuani, akiwaambia wapita njia kwamba hana haraka, lakini mwenye nafasi anaweza kuja kumshika mkono.

Ndiyo maana kabla ya kutia uzi kwenye sindano huulizana. "Moyo wako uko wapi?" Na mwenzake hujibu, "Uko hapa." Kama hauko hapo, sindano zinalazwa, chai inachemshwa, mtu anatoa la moyoni, wanaombana radhi, kazi inaendelea. Hakuna aliyewahi kujibu uongo. Haikuwahi hata kuwapitia akilini kwamba mtu anaweza, kama wewe usivyowaza kumimina mchanga kwenye chai yako mwenyewe.

Viatu vya masafa, vile vya Kaka, yaani Mvuka Milima mwenyewe, vinashonwa hivyo hivyo, ila jibu lake ni jingine. Mshonaji husema, "Uko njiani," na uwe njiani kweli. Hapo ndipo hatua moja ya mvaaji inavuka mto, na ya pili inavuka mlima. Sasa mnajua siri yote ya Mvuka Milima, na mkimwuliza mwenyewe hatakataa, ingawa ataanza kwanza na joka.

Basi, mvua zilipoanza Kaka alikuwa amerudi kutoka safari yake ya saba. Ni mtu mkubwa. Akiingia jikoni, jikoni kunakuwa kudogo, na akicheka vikombe vinagongana. Asubuhi hiyo walikuwa mezani wote wanne, pamoja na Mama, na Kaka alikuwa anapaka siagi mkate wake wa tatu kwa utulivu ambao Mama hakuupenda.

"Nimewaza jambo," akasema Kaka.

"Ukiwaza wewe, mimi huanza kukunja nguo," akasema Mama.

"Safari ya nane nakwenda na hawa." Akaelekeza kisu cha siagi kwa mapacha. "Yule mwenzangu wa safari, mpiga upinde, magoti yamemwishia. Ameoa, anafuga kuku. Nataka ndugu zangu ubavuni. Na isitoshe, miaka yote hii nyinyi mnashona, mimi nasifiwa. Watu hawawajui hata sura. Haki iko wapi hapo? Safari hii na nyinyi mtakuwemo."

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, macho yakimng'aa. Ndilo lililokuwa tatizo. Mtu akikuonea unampinga. Mtu akikupa zawadi aliyoifikiria usiku kucha utasemaje?

"Ya muda gani?" Kushoto akauliza.

"Miaka mitano. Sita tukinogewa."

Moyo wa Kushoto ulidondoka mpaka kwenye ndara. Akamgeukia pacha wake. Kulia alikuwa amekodoa macho, kipande cha mkate kimesimama njiani kuelekea mdomoni, na Kushoto akakumbuka jinsi huyu alivyokuwa mtoto: alivyopanda juu ya paa na chujio kichwani akijifanya nahodha, alivyolia siku ya safari ya kwanza kwa sababu Kaka hakumbeba mgongoni. Ametamani maisha yake yote, akawaza Kushoto. Mimi ni nani nimzibie njia?

"Tutakwenda," akasema.

"Tutakwenda," akasema Kulia, papo hapo, sauti juu ya sauti.

Kaka akapiga meza kwa furaha, chumvi ikamwagika. Mama akamtazama binti yake, akamtazama mwanawe, akafuta chumvi kwa kiganja. "Mimi simo," akasema. Mama husema hivyo kila anapokuwamo mpaka shingoni.

Hapo lazima niwaambie Kushoto alikuwa anapoteza nini, maana mtu anaweza kusema, ah, kigoda na benchi, vitu gani hivyo.

Chumba chao cha kazi ndicho cha mbele ya nyumba, na ni mali ya mji. Baraza la mji huwapa mafundi bure, kwa sharti moja: kifungwapo, anapewa fundi mwingine anayesubiri. Hakuna kukiwekea mtu. Asubuhi jua huingia kwa dirisha pana na kupanda benchini taratibu, likianzia upande wa Kulia, na likifika upande wa Kushoto yeye hugeuza mkono ili lipite juu ya vidole. Kuna harufu ya ngozi mbichi, nta na gundi, ambayo wageni huibania pua na yeye akiikosa siku mbili anahisi homa. Kuna watu wanaoegemea dirishani: mpiga zumari anayeomba soli laini ili asijisikie mwenyewe akitembea, mkunga ambaye viatu vyake lazima vishonwe na mtu mwenye haraka, yule mwalimu, ambaye amewasamehe lakini hukumbusha. Kushoto anaijua miguu ya mtaa mzima. Anajua nani kidole gumba chake kimepinda na nani anajidai ana mguu mdogo. Na pembeni yake, umbali wa kiwiko, kuna mtu anayeshona sambamba naye, mshono kwa mshono, bila kuangaliana, wakianza pamoja na kumaliza pamoja. Kushoto alikuwa na furaha. Alikuwa nayo kila siku na alijua anayo, jambo ambalo si la kila mtu.

Habari ikaenea kama maji ya dobi. Mheshimiwa Meya akaamuru mapambo. Na kabla wiki haijaisha, fundi kofia akaja na utepe wa kupimia.

"Msinielewe vibaya," akasema, akiingia kwa ncha za vidole mithili ya mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa. "Nimeambiwa chumba hiki zamu yake ni yangu. Nilitaka tu kujua vioo vitakaa ukuta gani. Endeleeni, endeleeni, mimi sipo."

Akapima ukuta nyuma ya Kushoto. Akapima dirisha. Akamwomba Kushoto ainuke kidogo, apime pale alipokaa, na Kushoto akainuka, akasimama katikati ya chumba ameshika sindano, hajui pa kuweka mikono.

"Hapa patakaa kofia za harusi," akasema fundi kofia kwa upole.

"Pana mwanga mzuri," akasema Kushoto, na ikambidi atoke nje kwenda kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Viatu vya Kaka ndivyo walivyovianza. Hivyo havikuwapa shida. Kuhusu Kaka walizoea: unamtakia njia njema, unaitaka njia yake kama anavyoitaka mwenyewe, unashona. "Moyo wako uko wapi?" "Uko njiani." Na kweli ulikuwa njiani, ukimtangulia Kaka kwenye mito na madaraja. Vikatoka viatu vizuri, vya ngozi nene ya kahawia, vilivyokuwa vikitetemeka kidogo mezani kwa hamu ya kutoka.

Kisha ikaja zamu ya viatu vyao wenyewe. Jozi mbili. Kushoto akakata ngozi, akaivuta juu ya kalibu, ule mguu wa mti, akaipigilia misumari midogo pembeni. Akapaka uzi nta kupita kiasi. Akapanga sindano, akazipangua.

"Moyo wako uko wapi?" akauliza Kulia. Hakuinua macho.

Kushoto akajikaza kisabuni. "Uko njiani," akasema. "Wako je?"

"Wangu? Eh. Njiani kabisa. Umeshafika mbali."

Wakashona. Uongo wa kwanza wa benchi lile ulitoka siku hiyo, na wala dari haikuanguka. Kushoto alijilazimisha kuwaza milima. Akawaza mlima, mlima ukawa na dirisha. Akawaza mto, na ng'ambo ya mto akakaa mkunga akimwambia fanya haraka. Akamtupia pacha wake jicho la pembeni. Kulia alikuwa ameuma mdomo wa chini, uso mwekundu. Furaha hiyo, akawaza Kushoto, anashindwa hata kuizuia. Akainama akaendelea. Ajabu ni kwamba mikono yao haikuwahi kwenda vizuri kiasi kile. Mshono ulikwenda na mshono, kaza kwa kaza, wala hakuna aliyemtangulia mwenzake hata kwa tundu moja.

Siku ya kuondoka ilipofika mtaa ulijaa mpaka kwenye madirisha ya juu. Bendi ya mji ilikuwa na ngoma mpya na ilitaka watu waijue. Mheshimiwa Meya alivaa mkufu wake, akatoa hotuba, akasema kwamba amefupisha, akaendelea. Fundi kofia alisimama kando ya toroli lililojaa vioo, amefunika kwa blanketi, kwa heshima. Mama aliletewa kiti akakaa mlangoni, mikono mapajani.

Kushoto na Kulia wakatoka wamevaa viatu vipya, mabegi mgongoni. Watu wakashangilia. Wengine walikuwa hawajawahi kuwaona wakiwa wamesimama.

"Leo si siku yangu," Kaka akatangaza, sauti ikifika mtaa wa tatu. "Watangulie wao!"

Bendi ikanyamaza. Kushoto akapiga moyo konde. Akautazama mtaa kwa mara ya mwisho, akamshika Kulia mkono, wakainua miguu pamoja wakaishusha mbele.

Viatu vikafika chini. Vikatulia hapo kidogo, kama mtu anayejipapasa mifukoni. Kisha vikageuka. Vyote vinne viligeuka kwa wakati mmoja, bila mzozo, nadhifu, kama askari, vikawapandisha ngazi, vikawapitisha kando ya kiti cha Mama, vikawaingiza chumba cha kazi, na vikawakalisha kila mmoja kwenye kigoda chake.

Huko nje mpiga ngoma mmoja, kwa kukosa la kufanya, akapiga pigo moja dogo.

Kaka akaingia nyuma yao akafunga mlango. Mama alikuwa ameshaingia na kiti chake.

"Mmegombana," akasema Kaka. "Semeni. Juu ya nini? Dirisha tena?"

"Hatujagombana," akasema Kulia.

"Mbona havikwenda?"

Kushoto alikuwa anaitazama miguu yake. Viatu vilikuwa vimekaa sambamba chini ya benchi, vimeridhika kabisa. Angegombana na mwenzake vingevutana, kimoja huku kingine kule, kama vya mwalimu. Hivi havikuvutana hata kidogo. Havijawahi kutokea katika nyumba ile viatu vilivyokubaliana namna hii. Hapo ndipo damu ilipompanda usoni. Akamgeukia Kulia taratibu, na Kulia alikuwa ameshamgeukia yeye.

"Wewe," akasema Kushoto, "moyo wako ulikuwa wapi?"

"Wako ulikuwa wapi?"

"Nimekuuliza kwanza."

Kulia akakuna kichwa. "Hapa," akasema. "Ulikuwa hapa hapa. Chini ya benchi, kama unataka kujua, umeng'ang'ania mguu wake. Lakini nilikuona siku ile mezani, umeuliza ni muda gani, nikasema huyu ameshaanza kuhesabu, ana hamu. Na wewe ndiye uliyesema tutakwenda!"

"Nilisema kwa ajili yako! Wewe ndiye uliyepanda paa na chujio!"

"Nilikuwa na miaka mitano!"

"Ulilia Kaka alipoondoka!"

"Nililia kwa sababu alikuwa anaondoka!"

Wakatazamana. Kisha Kushoto akaanza kucheka, akajaribu kujizuia, Kulia naye akashikwa, wakacheka mpaka wakaegemeana, wakacheka mpaka mbavu zikauma na machozi yakadondokea ngozi ya watu. Wiki zote zile kila mmoja amebeba gunia la mwenzake ambalo mwenzake hakulitaka!

"Mimi simo," akasema Mama, "ila nimezaa wajinga wawili kwa siku moja."

Walipofuta macho waliona Kaka hacheki. Alikuwa amekaa kwenye rundo la ngozi karibu na mlango, mikono yake mikubwa imening'inia kati ya magoti.

"Kumbe hamkutaka," akasema.

Kicheko kikamwisha Kushoto. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa tangu siku ya mkate na siagi. Angeweza hata sasa kusema vinginevyo. Angeweza kusema tufumue tushone upya, safari hii nitajitahidi. Neno lilikuwa ulimini. Akaangalia mikono ya Kaka, akaliangalia benchi, na akaliacha lile neno lipite.

"Sitaki kwenda, Kaka," akasema. "Nakupenda, na sitaki kwenda. Nataka kukaa hapa nishone. Hakuna kingine ninachokitaka, na sioni haya."

"Hata mimi," akasema Kulia. "Zawadi yako ni nzuri, Kaka. Ila tu si yetu."

Kaka akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, taratibu. Huko nje Meya alikuwa amerudia hotuba ili kuziba pengo.

"Sasa mimi nitakwenda na nani?" akauliza Kaka.

Hakuuliza kwa sauti ya mtaa wa tatu. Aliuliza kama mtu aliyekuwa amelibeba swali hilo mlima baada ya mlima. Na Kushoto, ambaye siku zote alidhani wameletewa heshima, akaelewa kwamba walikuwa wameombwa msaada. Moyo ulimuuma. Haukubadilika, lakini ulimuuma.

"Kuna nini huko safari hii?" akauliza. "Zimwi?"

"Zimwi lilikwisha." Kaka akajikuna ndevu. "Joka limezeeka, halina hata jino, tunaandaliana chai. Hakuna kitu, mdogo wangu. Kuna milima tu."

"Lazima uende?"

Kaka akamtazama kwa mshangao wa kweli. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Watu walimwuliza ataondoka lini, atapita wapi, atarudi na nini.

"Watu wameshafunga mapambo," akasema. "Bendi ile pale. Mtu anasemaje?"

"Sijui. Mimi nimejaribu sasa hivi tu, mara ya kwanza. Unasema sitaki, halafu unasubiri."

"Na halafu?"

"Halafu hakuna. Ndiyo kwanza tunasubiri."

Kaka akatoa kicheko kifupi kisicho na nguvu. Akainuka, akajipangusa. "Viatu vyangu je? Navyo vitanirudisha?"

"Vyako havina kosa," akasema Kulia. "Tulivishona kwa moyo wote. Ukitaka kwenda vitakwenda."

Kaka akambusu Mama kichwani, akawashika mapacha mabega, akatoka. Wakasikia mtaa ukilipuka kwa vifijo, wakasikia bendi ikianza kwa pupa, na kupitia dirishani wakamwona akiinua mguu mmoja, akivuka paa la baraza la mji, mnara wa saa, mashamba ya ng'ambo, akawa nukta, akawa hayupo. Fundi kofia alichungulia mlangoni, akaona vigoda vimekaliwa, akaelewa. Ni mtu mwema. Aliagiza viatu vya kusukumia toroli lake la vioo, akasema asubuhi atakuja kupimwa.

Kushoto akafungua begi lake akarudisha sindano mahali pake, moja moja. Alikuwa amepata alichokitaka, chote, mpaka jua lenyewe lilikuwa limefika upande wake wa benchi, na bado alikuwa analia. Hakujificha. Kulia naye hakumwambia anyamaze. Mama alikwenda jikoni akagonganisha masufuria kuliko ilivyohitajika.

Jua lilipokuwa limekwisha kupita kichwani, mlango wa nyuma ulifunguliwa. Kaka alikuwa amesimama hapo peku, viatu vya masafa mkononi vimefungwa pamoja kwa kamba zake, suruali imejaa mbegu za majani mpaka magotini. Alikuwa anachechemea. Mtu aliyevuka milima safari saba hakuwa na sugu hata moja nyayoni, na malengelenge yalikuwa yamempanda kama maandazi.

"Umefika wapi?" akauliza Mama, kijiko kikiwa hewani.

"Kilima cha kwanza. Hatua moja." Akajishusha kwenye kiti kwa kuugua. "Nilipofika nikavivua. Nikatembea kurudi, mguu kwa mguu. Mama, hivi mnajua kilima kile kiko mbali?"

Kushoto na Kulia walikuwa wamesimama mlangoni mwa jikoni, mmoja huku na mmoja huku.

"Nimekataa," akasema Kaka.

"Umemkatalia nani?" akauliza Kushoto.

"Hakukuwa na mtu. Mbuzi tu. Nilisimama juu pale nikasema sitaki. Kwa sauti." Akang'oa mbegu moja ya majani kwenye suruali. "Halafu nikasubiri, kama ulivyosema. Hakuna kilichotokea, mdogo wangu. Kulikuwa na upepo. Kumbe ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu," akasema Kushoto.

Akaleta beseni, akachanganya maji ya moto na ya baridi, akajaribu kwa kiwiko, akapiga magoti mbele ya kaka yake. Akaichukua miguu ile aliyoishonea tangu akiwa msichana, ambayo aliijua kwa vipimo kuliko alivyoijua kwa macho, akaitia majini mmoja baada ya mwingine, na Kaka akapiga yowe lililotikisa vikombe. Kulia akacheka akaenda kutafuta kitambaa safi. Mtaani bendi ilikuwa bado inapiga, watu wakicheza na kuimba safari ya nane, wala jikoni hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka kuwaambia kwamba Mvuka Milima amerudi.